Mita ya Nyumba Namba Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Bili ya gesi imekuja. Ni kubwa kuliko ya mwezi jana, na ya mwezi jana ilikuwa kubwa! Ejoku, yule anayetunza ploti yetu, ameibandika kwenye WhatsApp ya wapangaji asubuhi na mapema. Nyumba zote sita, kila mtu na dhambi zake hadharani. Namba 2, ndiyo sisi, tunaongoza. Namba 5, Mzee Omagor, ndiye wa mwisho kabisa, na chini ya bili yake ameweka kidole gumba.

Nyumba hii ina watu wawili. Hapana, mtu mmoja na robo, maana mume wangu Egesa na trela lake wako njia ya Juba wiki tatu kati ya nne. Asubuhi napika chai. Jioni napika ugali mdogo na mboga. Mchana kutwa niko saluni. Sasa ni nani anayekula gesi ya hoteli humu ndani?

Tangu Mama Aloo mwenye ploti atuletee gesi ya bomba mwezi wa Aprili, amani imeondoka Malaba. Zamani mtungi ukiisha, umeisha. Unautikisa, unamlaumu aliyekuuzia, unanunua mwingine. Sasa kuna tangi kubwa nyuma ya ploti, mabomba ya njano yametambaa ukutani, na mita sita zimepangwa ndani ya kisanduku karibu na geti la nyuma. Mama Aloo mwenyewe anakaa Busia mjini na anatuambia tumekuwa Ulaya. Huko Ulaya pia wanalia hivi?

Na Egesa ndiye hulipa, kwa simu, huko huko njiani. Kwa hivyo bili humfikia hata kabla mimi sijanawa uso.

Jumanne, 3 Juni

Egesa amepiga. Salamu fupi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, kama huyo ninayempikia ni mtu mmoja au ni kikosi.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia napika sufuria moja tu. Akasema yeye ni dereva, amekula katika majumba ya watu barabara nzima, na anajua gesi ya mwanamke aliye peke yake inavyokaa. Nikamuuliza ameijulia wapi hiyo. Hapo mtandao ukapotea! Mtandao wa Sudan Kusini una akili kweli kweli.

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe amepiga kutoka Funyula. Ameuliza afya. Ameuliza saluni. Kisha akauliza kama bado najua kushika jembe.

Basi nikajua mtoto wake ameshaongea. Na jioni Egesa mwenyewe akathibitisha: bili isiposhuka kufikia mwisho wa mwezi, nyumba anaiacha, na mimi nakwenda kukaa nyumbani kwa mama. Huko kuni hazina mita, akasema.

Na saluni yangu? Kiti kile nilikinunua kwa jasho langu. Wateja wangu wanavuka kutoka Uganda kila Ijumaa kuja kusukwa na mimi, si na mtu mwingine. Nikienda Funyula nitasuka nani, mbuzi? Na si hilo tu. Nikiondoka hapa kwa sababu ya gesi, Malaba nzima itasema nilikuwa na mwanamume. Mji huu unaishi kwa foleni ya malori na maneno ya watu.

Nimekasirika mpaka nimeunguza chai. Na kuunguza chai pia ni gesi!

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimekwenda kumwangalia adui yangu uso kwa uso. Mita Namba 2. Kadirisha kadogo, tarakimu nyeusi, na mwishoni tarakimu nyekundu tatu. Nikazisoma zote kwa mkupuo kama nambari ya simu, nikapata elfu thelathini na kitu. Elfu thelathini za nini?

Mzee Omagor akatokea nyuma yangu na birika mkononi. Huyu mzee ni karani mstaafu wa forodha. Maisha yake yote alikuwa anapima mizigo ya watu mpakani, na kustaafu hakujamwondolea hamu ya kupima. Akacheka polepole, akaniita Mama Saluni, akanipa darasa nikiwa nimesimama.

Kwanza, zile nyekundu ni vipande tu, za kupuuzwa. Weusi ndio watu wazima. Pili, hulipi namba yote unayoiona; unachukua ya leo unaondoa ya mwezi jana, kinachobaki ndicho chako. Tatu, na hapa akainua kidole, mita haihesabu pesa, haihesabu hata kilo. Inahesabu nafasi. Chukua sanduku la mita moja kila upande, lijaze gesi, hiyo ni kyubiki moja. Uiweke kwenye mizani, inakaribia kilo mbili. Sasa Mama Aloo ananunua kwa kilo, mita inasoma kwa kyubiki, kwa hivyo lazima mtu azidishe katikati. Ukishapata kilo, unazidisha tena kwa bei ya kilo. Na mwisho unaongeza ada ya huduma.

Nikauliza ada ya huduma ni ya nini. Akasema hiyo haina maelezo, hata forodhani ilikuwepo.

Nimeelewa! Kweli nimeelewa, na anaeleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Halafu akaharibu. "Gesi ni adabu, Mama Saluni. Mimi ni mjane, niko peke yangu, lakini angalia bili yangu. Funika sufuria. Loweka maharagwe. Usiachie moto ukicheka na watu kwa simu." Akaenda zake na birika lake, kiburi kimemjaa mpaka kisogoni.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefunika sufuria na juu yake nimeweka jiwe. Nimeloweka maharagwe tangu jana. Sukuma wiki nakata kwanza ndipo nawasha, zamani nilikuwa nawasha ndipo natafuta kisu. Chai nachemsha mara moja, naiweka kwenye thermos, nakunywa ile ile mpaka usiku ikiwa na ladha ya kizibo.

Nimekwenda kusoma mita. Imeongezeka kuliko siku zile nilizokuwa sijali!

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Kwaya tumeimba vizuri, sauti ya kwanza tulikuwa na nguvu. Mahubiri yalikuwa juu ya mke mwema anayeamka kabla ya mapambazuko kulisha nyumba yake. Anapika kwa nini, mchungaji? Kuni au bomba?

Jumatano, 11 Juni

Nimeamua. Sipiki tena. Chai siku moja moja, basi. Tuone hiyo mita itakula nini.

Mchana nimekula rolex upande wa pili wa mpaka, nimesimama kwa muuzaji kando ya barabara, chapati imekunja mayai na nyanya. Muuzaji akaniuliza, "Nnyabo, leo peke yako? Mume ako wapi?" Hata mkaanga mayai ananihoji! Jioni nimekunywa maji, nikalala.

Ijumaa, 13 Juni

Mita imepanda. Sijapika chochote tangu juzi ila chai ya leo, na imepanda vile vile, kwa raha zake.

Nimemwita Ejoku. Nikamwambia bomba linavuja, tutalipuka sote na ploti ya watu. Akatishika, akaja na ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya kupaka rangi, akapaka povu mabomba yote kisandukuni, yamebanana kama ufagio hata hujui la nani ni lipi, kisha bomba la jikoni kwangu. Tukainama, tukatazama kama madaktari. Hakuna hata kiputo kimoja. Hakuna pahali pa kuvuja.

Ejoku akajikuna. Akasema labda nyumba ina kitu. Kitu gani? Kitu tu, mama, watu walikufa kabla ploti haijajengwa. Nikamwuliza tangu lini marehemu wa Kiteso anapika ugali. Akasema hawezi kujua, yeye ni wa kutunza ploti.

Kabla sijalala nimefunga valvu ya jikoni. Nimeikaza mpaka kiganja kimeuma.

Jumamosi, 14 Juni

Mungu wangu! Mungu wangu, nimeona kwa macho yangu.

Valvu imefungwa. Jiko limekufa. Jioni nimetoka saluni, nikapita moja kwa moja kisandukuni — tarakimu nyekundu zinazunguka mbio. Namba 2. Yangu. Mbio!

Nikasimama pale nimeduwaa. Nyuma ya Namba 5, kwa Mzee Omagor, wazee walikuwa kwenye ajono, pombe yetu ya wimbi, kama kawaida yao. Chungu katikati, mirija mirefu kila mtu na wake, wamekaa duara, habari za dunia zinapita. Sasa ajono si soda. Wimbi lile lazima limwagiwe maji moto, ukinyonya linapungua, unamwagia tena, jioni nzima. Bila maji moto hamna kitu, ni uji wa baridi.

Mzee Emojong, yule mwenye sauti ya ng'ombe dume, akaita, "Maji!" Omagor akainuka, akaingia ndani. Mita ikapamba moto. Akatoka na birika, akamwaga, wakashukuru. Mita ikapoa. Nikangoja. "Maji, bwana, hii imekuwa baridi!" Omagor akaingia. Mita ikakimbia.

Wakiita maji, inakimbia. Wakinyamaza, inasinzia. Nimesimama pale mpaka mbu wakanila miguu, na kila mara ni hivyo hivyo.

Mume wangu anachemshia wazee wa Malaba pombe tangu Aprili! Na mimi nafunika sufuria kwa jiwe!

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimembana Ejoku kwenye geti. Nikamwuliza nani alizipa mita namba. Akasema ni fundi wa mabomba, yule aliyetoka Tororo. Aliingia kwa geti gani? La nyuma, mama, upande wa mpaka. Na alianza kuhesabu wapi? Ejoku akafikiri. Akasema alianzia pale alipoingilia, akasema namba moja ni ile iliyo karibu na kwao.

Basi! Mama Aloo anatoka Busia, kwake namba moja ni mlango wa barabarani. Fundi ametoka Uganda, kwake namba moja ni mlango wa nyuma. Kila mtu moja yake iko upande wa kwao. Kwa hesabu ya fundi nyumba yangu ni ya tano na ya Omagor ni ya pili. Mita imeandikwa 2, bomba limekwenda kwa mzee. Zile nyumba nyingine ni vijana wa kuchemsha chai na mayai, bili zao zinafanana zote, nani atashtuka?

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nimecheka kwanza.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia Mama Aloo. Hakuniachia nimalize. Akasema mita ni mashine, haina shangazi wala mjomba, haiwezi kumpendelea mtu. Nikamwambia si mita, ni hesabu ya milango. Akasema yeye alihesabu milango yake mwenyewe siku ya kupaka rangi, ni sita. Ndiyo mama, ni sita! Akakata.

Nimempigia Egesa. Nimemweleza taratibu, fundi, Tororo, geti, ajono, maji. Halafu akasema, "Sasa Mercyline unamsingizia mzee wa watu?"

Hiyo imeniuma. Kusema kweli, imeniuma kuliko ile ya kikosi. Ile ilikuwa hasira. Hii alikuwa ananihurumia, kama mtu anayemwona mwongo amechoka.

Akasema atakuwa Malaba Jumapili ya tarehe ishirini na tisa. Atataka kuona kwa macho. Kama si hivyo, tufunge mizigo.

Nikasema utaona. Utaona mpaka uchoke.

Alhamisi, 19 Juni

Bado sipiki. Valvu siifungui, siku mume akija aikute imefungwa na kutu juu yake. Nimekula mahindi ya kuchoma. Jana sikula, sikuwa na hamu. Mteja mmoja ameniambia nimepungua vizuri, ameuliza natumia nini. Gesi, nikasema.

Nimekutana na Mzee Omagor kwenye kamba ya nguo. Ameniambia, akiwa na furaha tele, amechungulia mita yake, na mwezi huu bili yake itashuka mpaka atashangaza watu. "Umeona adabu?" akasema. Nimeona, mzee. Mimi ndiye ninayekufa njaa ili wewe ushangaze watu.

Sijamwambia. Nikimwambia ataacha kuchemsha, na mimi namhitaji achemshe tarehe ishirini na tisa kuliko ninavyohitaji mvua. Mita lazima ikimbie mbele ya Egesa.

Jumapili, 22 Juni

Sijui niandikeje hii.

Leo kanisani kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Amukura. Mwisho wa mahubiri akaita wanaotaka kuokoka waje mbele. Kwaya tukaambiwa tuimbe. Tukaimba. Hakuna aliyesimama. Mhubiri akasema imbeni tena, kuna mtu mmoja hapa ndani anashindana na moyo wake. Tukaimba tena, mimi nimefunga macho, nimetoa sauti kutoka kwenye kisigino. Nikafungua macho.

Mzee Omagor anatembea kwenda mbele! Hata sijui alikuja na nani, na shati lake la forodha limepigwa pasi.

Kanisa zima linapiga vigelegele, mimi nimeshika kitabu cha nyimbo nataka kukiuma. Jioni amelipindua chungu chake mbele ya wenzake wote, akawaambia ajono kwake imekwisha. Mzee Emojong amelia. Namwelewa.

Mita Namba 2 imelala fofofo. Nimeimba mpaka ushahidi wangu umeokoka.

Jumatano, 25 Juni

Mita inasogea kidogo asubuhi tu, chai ya mzee mmoja aliyeokoka. Egesa hataamini kwa chai. Atasema hata hiyo ni yangu.

Mama mkwe amepiga. Ameniambia kitanda changu wamekihamishia chumba cha upande wa zizi. Nimesema asante mama.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekutana na Mzee Emojong na wenzake wawili wamekaa kwenye gogo karibu na saluni, mirija imo ndani ya mifuko yao, hawana pa kuipeleka. Wanasikitisha. Nikasikia mdomo wangu unasema, wazee, mtu akiwaletea ajono Jumapili, mtakaa wapi?

Emojong akasema popote penye maji moto.

Mungu anisamehe. Atanisamehe? Yeye ndiye aliyemwokoa Omagor wiki mbaya.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefunga saluni mapema, nimepanda boda mpaka Amukura kwa mama anayeuza. Ndoo nzima, wimbi lililoiva, linanuka mpaka njia panda. Narudi nimeipakata mbele yangu kama mtoto, kifuniko kinainuka chenyewe, na ni nani anasimamisha boda kwenye kona? Mwalimu wa kwaya, Vivian. Anataka tugawane boda!

Nikamwambia ni unga wa uji. Akasema uji huu unapumua. Nikasema ni wa wimbi, wimbi halikai kimya. Tumebanana mpaka Malaba, yeye ameziba pua na mimi naimba polepole ili asisikie povu.

Kazi iliyobaki ilikuwa Omagor mwenyewe. Nikamwendea kwa adabu yake ile ile. Nikamwambia wenzake wameumia, wanamkosa yeye kuliko pombe, wakae kwake kesho tu, yeye si lazima anywe. Akafikiri sana. Akatembea mpaka mlangoni akarudi. Mwisho akasema kunywa ameacha, lakini kuchemsha maji si dhambi. Maji ni maji.

Nimemshukuru nusura nimpigie magoti.

Jumapili, 29 Juni

Naandika haraka, mlango wa chumba nimeufunga.

Egesa alifika baada ya ibada. Amekonda na yeye, macho mekundu ya barabara. Sikumpa hata maji, nikamshika mkono nikampeleka jikoni, nikamwonyesha valvu. Jaribu kuikaza. Akajaribu, haikazi zaidi. Nikampeleka kisandukuni. Ejoku nilishamwita, na Mama Aloo nimempigia yuko kwenye simu ya picha, uso wake wote ni paji.

Wazee walikuwa tayari kwenye duara. Emojong, Mungu amweke, akaita, "Maji!"

Mita Namba 2 ikakimbia! Mbele ya wote! Egesa akageukia jikoni kwetu, akaangalia mita, akamwangalia Omagor anatoka na birika. Wakaita tena, ikakimbia tena. Mama Aloo akasema kwenye simu, ngai, hebu sogeza karibu. Nilikuwa nataka kuruka.

Egesa akajikuna kidevu. Akauliza, "Na yetu sasa iko wapi?" Nikasema itakuwa Namba 5. Akaenda jikoni, akafungua valvu, akawasha jiko, akarudi. Namba 5 inazunguka taratibu.

"Si ungewasha tu yako uangalie ile ingine?" akasema. "Ajono ni ya nini?"

Wazee wakacheka mpaka mirija ikaanguka. Ejoku akacheka. Mama Aloo akacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanyaje. Ndoo nzima kutoka Amukura! Na Egesa akanishika bega mbele ya watu, akasema alinikosea, akaniita jina langu vizuri. Nilijisikia mwepesi. Nilidhani imekwisha.

Lakini Mzee Omagor hakucheka. Alikuwa ameshaelewa nani atalipa nini kuanzia sasa, na huyo mzee hawezi kuona mita bila kuipiga hesabu. Akavaa miwani, akainama kwenye Namba 5, akamwuliza Ejoku ya tarehe mbili ilikuwa ngapi. Ejoku akasoma kwenye simu. Omagor akaondoa moja kwa nyingine. Weusi hawakubadilika hata mmoja, ni zile nyekundu tu zimesogea. Akazidisha kwa kilo, kwa sauti, kama anafundisha darasa. Hata kilo moja haijafika.

"Haya ni mapishi ya siku chache," akasema. "Mwezi mzima. Huyu mama hapiki."

Mirija ikatulia. Egesa alikuwa bado ameshika bega langu, nikasikia mkono unakuwa mzito, halafu unaondoka.

Akauliza polepole, si kwa ukali, "Mercy, ulikuwa unakula wapi?"

Ningesema. Ningesema nilikuwa nakula nimesimama kando ya barabara, na siku nyingine sikula. Ningesema niliiogopa hiyo mita kuliko njaa, kwa sababu yako, kwa sababu uliniuliza kama ni kikosi. Nilikuwa na haya mbele ya wazee. Nikasema, "Huko tu."

Huko tu! Mwanamke mwenye akili timamu anasema huko tu?

Nikaingia ndani, nikafunga mlango huu. Nje wameanza kuongea kwa sauti ya chini, na Emojong haiti maji tena.

Egesa yuko jikoni. Nasikia masufuria. Mtu huyu hajawahi kupika katika nyumba hii hata yai. Ameniuliza kupitia mlango chumvi iko wapi, nikamwambia. Ameuliza mwiko, nikamwambia. Vitunguu vimeingia kwenye mafuta. Sasa nasikia viatu vyake vinatoka nje, vinaelekea geti la nyuma, penye mita, vinasimama. Vinarudi. Anakoroga. Vinatoka tena.

Sijui ananipikia au ananipima. Labda hata yeye hajui. Tumbo langu halina aibu, linanguruma mpaka naogopa atalisikia.

Anabisha. Anasema ugali uko mezani, nitoke nile, anataka kukaa aniangalie nikila —